Ukungu, mchwa na mende: yatafute maji kabla ya kununua rangi na sumu

Masika yakishika, nyumba nyingi za Unguja na Pemba huumwa kila mahali kwa wakati mmoja. Kanzu iliyokaa kabatini inatoka na vidoa vyeusi, ukuta wa chumbani unavimba rangi, kumbikumbi wanazunguka taa ya ukumbini, mende wanachomoza chini ya sinki. Mwenye nyumba anahesabu matatizo manne na kununua vitu vinne: rangi, jiki, dawa ya mchwa na dawa ya kupuliza. Baada ya miezi michache yuko dukani tena, kwa sababu alichokishughulikia ni matokeo. Karibu vyote hivyo vinafuata maji, na maji yenyewe hayajaguswa. Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji hata senti: ni kujua maji yanaingilia wapi.

Anza na ule unga mweupe ukutani. Wengi wanauita ukungu, na mara nyingi ni chumvi. Usugue baina ya vidole: chumvi inakwaruza, ukungu unateleza na kuacha doa. Unyunyizie maji: chumvi inayeyuka na kupotea machoni, ukungu unalala tu na kubaki pale pale. Ukungu una harufu ya uvundo, tena huota kwenye mbao, ngozi, nguo na karatasi, mahali ambapo chumvi ya ukutani haifiki. Kuzichanganya mbili hizi kunagharimu. Jiki haina la kuifanya chumvi, na ukiosha ukuta kwa maji chumvi inarudi ndani, kisha inatoka tena jua likiwaka. Chumvi huondolewa kavu kavu, kwa brashi, na unga wake unazolewa na kutupwa nje.

Kisha lisome doa. Maji yanayopanda kutoka ardhini huacha mstari wa mawimbi, kwa kawaida mita moja au moja na nusu kutoka sakafuni, na juu ya mstari huo ukuta ni mkavu. Yanayovuja kutoka juu au ubavuni huacha doa la rangi ya chai lenye ukingo, linalopanuka kila baada ya mvua kubwa. Yanayotoka hewani, yaani umande, hutokea penye baridi na pasipopita upepo: nyuma ya kabati, kwenye pembe za dari, chini ya godoro lililolazwa sakafuni.

Ukishindwa kutofautisha, kata nailoni ya wazi, nusu mita kwa nusu mita. Futa uso wa ukuta ukauke, bandika nailoni kwa selotepu kingo zote nne bila kuacha upenyo, iache siku 2. Ukikuta matone upande wako wa nailoni, maji yametoka kwenye hewa ya chumba. Ukiyakuta upande wa ukuta, yamo ukutani. Jaribio hili dogo lingeokoa makopo mengi ya rangi.

Kipo chanzo cha nne kinachowababaisha hata mafundi. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani pindi unyevu wa hewa unapopita asilimia 75, na wakati wa masika hewa ya visiwani hupita hapo siku nyingi. Nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa pwani usiooshwa, au ukuta ambao kwa miaka mingi umenywa rasharasha za bahari, hutoka jasho bila bomba lolote kuvuja. Kaskazi ikivuma ukuta huo huo unakauka na kutoa unga. Fundi anapasua sakafu kutafuta bomba, halioni, anaondoka. Dalili yake ni kwamba ubichi unakwenda na hali ya hewa, wala hauendi na matumizi ya maji ndani ya nyumba. Rangi haitashika juu ya ukuta wa namna hiyo. Bandua plasta mpaka sentimita 50 juu ya mwisho wa doa, safisha matofali kwa brashi kavu, kisha piga plasta mpya kwa mchanga wa nchi kavu au uliooshwa kwa maji baridi yasiyo ya chumvi. Anayejenga leo aukwepe mchanga wa pwani tangu mwanzo, na juu ya msingi, angalau sentimita 15 kutoka usawa wa ardhi ya nje, alaze nailoni nzito kwa upana wote wa ukuta, vipande vikipandana. Ni kazi ya saa chache. Kuirudia baada ya nyumba kusimama ni kukata ukuta mzima.

Kuta za mawe na chokaa

Mji Mkongwe una hesabu yake. Kuta zake ni nene, nusu mita na zaidi, za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Ukuta kama huo hunywa maji ya mvua na kuyatoa tena jua likitoka, kwa sababu chokaa ina vitundu vinavyopitisha mvuke. Saruji haipitishi kwa kiasi hicho, tena ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake. Ukuta ukianza kumomonyoka na mwenye nyumba akaukandika plasta ya saruji, kwa mwaka wa kwanza unapendeza. Ndani, maji yaliyozoea kutoka chini yamezibiwa njia, basi yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Chumvi iliyomo ndani yake inaganda nyuma ya plasta, inavimba, na plasta inapokuja kudondoka inaondoka na uso wa jiwe.

Hayo bado ni madogo. Vichwa vya boriti zilizobeba dari vimezikwa ndani ya ukuta huo huo. Boriti ya mkoko ikiwa kavu hudumu vizazi na vizazi; ikinywa maji kichwani, kuvu huilainisha na mchwa humalizia. Katikati ya chumba boriti inaonekana nzima, imepakwa chokaa safi, kumbe mwisho wake umekuwa unga. Kwa hiyo usiikague katikati. Panda ngazi mpaka pale boriti inapoingia ukutani, ichome kwa bisibisi. Bisibisi ikigota juu juu, sawa. Ikizama sentimita moja bila nguvu, egemeza nguzo chini yake siku hiyo hiyo, ondoa watu na mizigo chumba cha juu, halafu ndiyo umwite fundi. Boriti hufa jirani jirani, hivyo ukikuta moja mbovu zichome zote za upande huo wa ukuta.

Tiba ya ukuta wenyewe ni ya polepole, na hapa ndipo watu wengi wanapokosa subira. Saruji inabanduliwa taratibu kwa patasi na nyundo ndogo, na ukuta unaachwa uchi upumue. Kwa makadirio ya mafundi wa majengo ya kale, ukuta mzito hukauka kama milimita 25 kwa mwezi. Wa nusu mita, hata ukikauka pande zote mbili, huchukua karibu mwaka. Anza masika yakiisha ili usipoteze jua la kusi na la kaskazi. Plasta mpya iwe sehemu 1 ya chokaa iliyozimwa vizuri kwa sehemu 3 za mchanga safi usio na chumvi. Lowanisha ukuta kabla ya kupaka, kwa sababu jiwe kavu hunyonya maji ya plasta na kuifanya ipasuke. Kila tabaka lisizidi milimita 10 au 12, na lifunikwe magunia mabichi kwa siku kadhaa lisikaushwe na jua. Mwisho paka chokaa ya maji, nyepesi kiasi cha maziwa, mara 4 au 5. Koti moja zito litabanduka. Chokaa mbichi ni kali kiasi kwamba ukungu hauoti juu yake, na kwa ukali huo huo inaunguza macho, basi vaa miwani na glavu. Rangi ya mafuta au ya plastiki juu yake inaharibu kazi yote.

Mji Mkongwe upo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na kuna mamlaka ya hifadhi iliyoundwa 1985 ambayo idhini yake inahitajika kabla ya kugusa jengo. Ifuate mapema, maana kazi ya chokaa ina msimu wake.

Nje nako kutazamwe. Pale kichochoro kilipomwagwa zege mara mbili tatu, njia imekuwa juu kuliko sakafu ya ndani, na kila mvua inaegemea ukuta. Mfereji unaodondosha uwani karibu na ukuta, bomba la kiyoyozi linalomwaga maji dirishani kwa jirani wa chini, mlizamu uliovunjika juu ya paa: kimoja tu kati ya hivyo kinatosha kulowesha chumba mwaka mzima.

Chumba chenye kiyoyozi

Hewa ya nyuzi 29 yenye unyevu wa asilimia 80 huacha umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 25 au chini ya hapo. Nambari hizo zinaeleza kwa nini vyumba vya wageni vya Nungwi na Paje huota ukungu darini ingawa vinasafishwa kila siku. Usiku kiyoyozi kimewekwa nyuzi 18, kuta na dari vimepoa. Asubuhi mhudumu anafungua madirisha kubadilisha hewa, hewa ya bahari inaingia na kudondosha maji kwenye kila kilicho baridi. Weka nyuzi 25 au 26, ziba nyufa za mlango, na usifungue dirisha chumba kikiwa bado cha baridi. Kizime kwanza, kiache kipate joto. Chumba kisicho na kiyoyozi kinataka kinyume chake: madirisha ya pande mbili yawe wazi upepo ukivuma, feni izunguke, na kabati lisogezwe sentimita 10 kutoka ukutani. Kipimo cha unyevu wa hewa ni kidogo na si ghali. Lenga chini ya asilimia 60 ndani ya kabati la nguo na la vitabu. Kafuri na karafuu kabatini hunukia vizuri, udi nao vivyo hivyo, lakini havikaushi kitu.

Kusafisha ukungu kunafuata baada ya maji kuzuiwa. Eneo lisilozidi mita moja ya mraba unaweza kulisafisha mwenyewe, ukiwa na glavu, barakoa na miwani, madirisha yakiwa wazi na watoto wametolewa. Usisugue ukungu mkavu, utarusha mbegu zake nyumba nzima. Ulowanishe kwanza kwa maji ya sabuni, ndipo usugue, usuuze na ukaushe kabisa. Kwenye vigae na sehemu ngumu unaweza kumalizia kwa jiki, robo lita kwa lita 4 za maji, ikae dakika 10 kisha isuuzwe. Jiki isichanganywe kamwe na siki, dawa ya choo yenye asidi au amonia, kwa sababu hutoa gesi inayochoma mapafu, na chooni pasipo dirisha gesi hiyo inaweza kuua. Kwenye ukuta wa chokaa jiki haifiki ndani, na siki au ndimu, ambazo watu hupeana kama dawa ya asili, huila chokaa yenyewe. Godoro, jipsamu na mbao laini za dari zilizokaa na maji zaidi ya siku 2 zitolewe. Misahafu na vitabu vikaushwe kivulini mbele ya feni, ukurasa kwa ukurasa, kisha vipanguswe nje kwa brashi laini. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2009 limehusisha unyevu na ukungu wa ndani na pumu na maradhi ya njia ya hewa, hivyo mwenye pumu asipewe kazi hii.

Mchwa ni wa aina mbili, na dawa zao hazifanani

Mchwa wa ardhini hawawezi kukaa bila unyevu wa udongo. Ndiyo maana hujenga vijia vya udongo vyenye upana wa penseli kupanda ukutani. Ukikuta kijia, vunja sentimita 5 katikati na urudi baada ya siku 3. Kikiwa kimeshonwa tena, kundi lipo na linafanya kazi. Mbawa za kumbikumbi zilizorundikana ndani wakati madirisha yalikuwa yamefungwa ni dalili mbaya zaidi kuliko kumbikumbi wengi waliofuata taa ya barazani.

Wa pili ni mchwa wa mbao kavu. Huyu haji kutoka ardhini, anaishi ndani ya mlango, kasha au kitanda, na husukuma nje vijipunje vigumu vya milimita 1 hivi vyenye pande sita. Ukiona unga laini badala ya punje, pamoja na vitundu vya mviringo, basi mbao imebunguliwa na vidudu vingine kabisa. Kumwaga dawa chini ya sakafu kwa ajili ya mchwa wa mbao kavu au vidudu hivyo ni kutupa pesa. Dawa huingizwa kwenye matundu kwa sindano, au kipande kinakatwa na kubadilishwa.

Kwa mchwa wa ardhini, toa kuni, makuti na mbao zilizoegemezwa ukutani, acha sentimita 15 kati ya udongo na mbao yoyote ya nyumba, elekeza maji ya paa mbali na msingi. Dawa ya udongo hufanya kazi vizuri zaidi ikipigwa kabla ya kumwaga zege ya sakafu, na mtu mwenye leseni, kwa kipimo cha lebo. Maji mengi ya kunywa Unguja na Pemba hutoka chini ya ardhi, na mwamba wa matumbawe hupitisha haraka kila kinachomwagwa juu yake. Oili chafu ya gari msingini, iliyozoeleka mno, inaishia kisimani. Dieldrini na aldrini, zilizosifiwa zamani kwa kukaa miaka mingi udongoni, ziliwekwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa 2001 kwa sababu hiyo hiyo ya kukaa.

Mende, panya na mbu

Mende mkubwa wa kahawia anatoka kwenye karo na mitaro; mdogo mwenye mistari miwili mgongoni anaishi jikoni, na kifuko kimoja cha mayai yake kina watoto 30 hadi 40. Mkubwa unamzuia kwa wavu kwenye bomba la hewa la karo na kifuniko kwenye tundu la bafuni. Mdogo hamalizwi kwa dawa ya kupuliza, humtawanya tu. Tumia jeli ya mende, matone ya ukubwa wa punje ya choroko, nyuma ya jiko, kwenye bawaba za makabati na chini ya sinki, na usipulize dawa nyingine karibu, la sivyo hawataigusa. Funga mfereji unaotona, kausha sinki kila usiku. Mende aliyekosa chakula huishi wiki kadhaa. Aliyekosa maji hafiki mbali.

Panya anapita kwenye tundu la milimita 12 na panya mdogo wa nyumbani kwenye milimita 6. Ziba kwa saruji na wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6; povu na matambara wanayatafuna. Panya wa darini hushuka kutoka kwenye minazi na miembe, basi kata matawi yawe zaidi ya mita moja kutoka paani, na shina la mnazi livishwe bati laini la upana wa sentimita 40 kwa urefu wa mita 2 kutoka chini. Mtego uwekwe kandokando ya ukuta, chambo kikielekea ukutani, kwa kuwa panya hakati katikati ya chumba. Sumu ya pakiti isiyo na maandishi usiilete nyumbani: mtoto akiila, daktari hatajua amtibu kwa kitu gani, na paka wa mtaa mzima watakufa pamoja na panya.

Mbu wa homa ya dengi hutaga kwenye pipa, simtanki lisilofunikwa na sahani za maua. Kutoka yai hadi mbu ni siku 7 hadi 10, na mayai yaliyogandia ukingoni huvumilia ukavu miezi mingi, hivyo kumwaga maji hakutoshi. Sugua kuta za pipa mara moja kwa wiki. Yule mbu wa kahawia anayeleta matende hupenda maji machafu ya vyoo na makaro. Makunduchi, kusini mwa Unguja, kuna mfano mzuri: mwishoni mwa miaka ya 1980, sambamba na wakaazi kupewa dawa ya matende, vyoo vya shimo vyenye maji vilimwagiwa punje nyepesi za polistirini, ile plastiki nyeupe inayofungiwa televisheni ndani ya boksi. Punje zilielea zikafunika maji, viluwiluwi wakakosa pa kuvutia hewa, na mbu wakapungua mno. Karo lililofunikwa barabara bila ufa, na bomba lake la hewa lina wavu, linafanya kazi ile ile.

Kunguni wao hawajali maji. Wanafuata damu na husafiri ndani ya mabegi. Nguo na mashuka walimoingia zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60, mishono ya godoro na maungio ya kitanda yakaguliwe kwa tochi, na kitanda kisogezwe kutoka ukutani.

Ghala la chakula

Mahindi, mtama na njugu vikihifadhiwa vibichi huota kuvu anayetoa sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mahindi yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Nyumbani unaweza kukadiria kwa chupa ya kioo iliyokauka kabisa: tia punje mpaka robo, vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, iache itulie dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, nafaka bado ni mbichi, irudi juani juu ya mkeka. Isipogandia, iweke kwenye mfuko au pipa lisilopitisha hewa, juu ya ubao, mbali na ukuta. Fukusi nao watakufa kwa kukosa pumzi. Punje zilizokwisha kuota ukungu zisioshwe zikapikwa, wala asipewe ng'ombe wa maziwa, maana sumu hiyo hutokea kwenye maziwa anayokunywa mtoto.